Sifa za Dalali na Ushahidi wa Injini

Kiswahili cha kuuza gari na Kiswahili cha kulitengeneza ni rejista mbili zisizofanana, ingawa mara nyingi husemwa chini ya mwembe mmoja, na wakati mwingine na watu waliokaa benchi moja. Ya kwanza ni lugha ya sifa. Ya pili ni lugha ya ushahidi. Anayetaka kununua gari lililokwisha kutumika, hasa la dizeli, na hasa la kupanda milima kama ya kwetu Upare, hana budi kuzifahamu zote mbili na kutambua anasemeshwa kwa ipi. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30. Sikutarajia kwamba baada ya kustaafu ningelazimika kufanya uhakiki mgumu kuliko wote niliowahi kuufanya, tena si wa diwani wala riwaya, bali wa gari.

Asili ya ukoo wetu ni upande wa Mbaga, Upare wa Kusini, wilayani Same. Asiyepajua na aelewe jambo moja. Mji wa Same uko tambarare, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Ni mahali pa joto, vumbi na miiba. Kwetu ni juu, penye ukungu, migomba na mashamba ya tangawizi, katika safu ile ile ya milima ambayo kilele chake, Shengena, kina zaidi ya meta 2,400. Kati ya huku na kule kuna barabara ya udongo yenye kona za kupinda mara mbili kabla hujapumua. Masika ikiingia, udongo ule huteleza kama sabuni. Hospitali iko chini. Mgonjwa yuko juu. Zamani mgonjwa alishushwa kwa machela mabegani mwa vijana. Siku hizi hushushwa kwa pikipiki, akiwa amebanwa katikati ya dereva na ndugu yake.

Tulipomzika mzee wetu mmoja aliyekata roho njiani kabla hajafika kwa daktari, wanaukoo tulikubaliana kuchanga tununue gari. Wastaafu tulitoa sehemu ya kiinua mgongo, wakulima wakatoa sehemu ya mavuno ya tangawizi, na vijana walioko mijini wakatuma kwa simu. Nilikabidhiwa uenyekiti wa kamati ya watu 3. Labda kwa kuwa nina muda, labda kwa kuwa watu hudhani mwalimu wa lugha hadanganyiki kwa maneno. Watani zetu hupenda kusema kwamba Mpare yu radhi kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Utani huo una chembe ya sifa ndani yake: maana yake ni kwamba Mpare hapokei hukumu bila ushahidi. Nilijiambia kwamba safari hii utani huo ndio utakaokuwa mwongozo wangu.

Nilianza kwa kulichunguza neno lenyewe. Tulikuwa tukitafuta gari la kutegemewa. Kutegemea ni jirani wa karibu sana wa kuegemea, na jirani huyo hunifundisha jambo: kitu hakiwi cha kutegemewa kikiwa peke yake. Huwa hivyo pale tu panapokuwa na mtu aliyekiegemea. Fimbo iliyosimama ukutani si imara wala si dhaifu, hadi mzee aishike ashuke nayo kilima. Kwa hiyo swali la kamati halikuwa "gari hili ni zuri?" bali "nani ataliegemea, wapi, na saa ngapi?" Jibu letu lilikuwa wazi. Ataliegemea mama mwenye uchungu wa uzazi, kwenye mteremko, usiku wa mvua. Jibu hilo liliondoa nusu ya magari tuliyoonyeshwa.

Sasa tuje kwenye lugha ya sifa. Dalali wa magari ana msamiati mfupi lakini wenye nguvu. Gari "imesimama". Gari "haijawahi kufunguliwa injini". Gari "ni kuweka mafuta na kuondoka". Ilikuwa ya mama mmoja aliyeitumia kwenda kanisani tu, au ya daktari, au ya Mzungu aliyerudi kwao. Mwalimu wa zamani ndani yangu husikia kwanza ile ngeli: sisi tulifundisha gari hili limesimama, soko limekubaliana kwamba gari hii imesimama. Sikugombana na mtu kwa ajili ya kiambishi. Nilichokitazama ni kwamba sentensi zote hizo hazina mtenda wala tarehe. Nani aliihudumia? Lini? Kwa risiti gani? Hata ile "bei maelewano" inayotangulizwa kabla hujauliza lolote inakuhamisha polepole kutoka swali la hali ya gari kwenda swali la punguzo la bei. Ukishaanza kujadili bei umekwisha kukubali kwamba gari ni zima.

Sifa nyingine ni ya namba. Husemwa kwamba gari ni "namba D" au "namba E", na msikilizaji hudhani ameambiwa umri wake. Herufi zile huonyesha ni lini gari lilisajiliwa Tanzania, wala si lini liliundwa. Gari lililotembea Japani miaka 15 likaingizwa nchini juzi litavaa herufi changa kuliko ndugu yake aliyeletwa mapema akiwa na umri mdogo. Umri wa kweli husomwa kwenye kadi ya gari, kisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma hulinganishwa na ile ya kadini, tarakimu kwa tarakimu. Hata kilometa za kwenye dashibodi ni maneno tu mpaka zithibitishwe. Saa ile hurudishwa nyuma, lakini mpira wa pedali ya klachi uliolika upande mmoja haurudi kuwa mpya, na wala ngozi ya usukani iliyong'aa kwa viganja vya miaka mingi. Zikiandikwa kilometa 90,000 na pedali imebaki chuma, basi mmoja wa mashahidi hawa wawili ni mwongo, na pedali haina sababu ya kudanganya.

Gari la kwanza tulilokwenda kulitazama lilikuwa jeusi, refu, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye ni mjumbe wa kamati, alilipenda tangu getini. Tulikuwa na fundi mmoja wa Same niliyemfundisha alipokuwa kidato cha pili. Yeye hakuzunguka gari kutazama rangi. Aliomba boneti ifunguliwe, akaweka kiganja juu ya injini, akanigeukia.

"Mwalimu, limeamka kabla yetu."

"Nililipasha kidogo tu, mzee wangu, nisiwacheleweshe," dalali akajibu.

Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kujua kidogo kuhusu mtu aliyegeuka kuwa nomino ya kawaida. Rudolf Diesel alikuwa mhandisi Mjerumani, na mwaka 1897 alionyesha huko Augsburg injini isiyohitaji cheche. Injini ya petroli huwashwa na plagi inayotoa moto. Ya dizeli huibana hewa ndani ya silinda, katika injini nyingi za zamani hadi mara 20 hivi, mpaka hewa iwe ya moto kiasi cha kuyawasha mafuta yanaporushwa ndani. Basi uhai wote wa dizeli uko katika kubana. Ringi zikilika, valvu zisipokaa vyema au gasketi ikiwa na ufa, hewa huvuja, na injini huwaka kwa taabu ikiwa baridi. Ikipashwa mapema, chuma hutanuka, ufa hujifunika, na mgonjwa huonekana mzima kwa saa moja au mbili. Ndiyo maana dizeli husikilizwa alfajiri, ikiwa imelala usiku kucha. Anayelipasha gari kabla hujafika amekunyima ukurasa wa kwanza wa kitabu, akakukaribisha kuanzia wa pili.

Fundi aliendelea hata hivyo. Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ya dizeli huwa nyeusi upesi kwa masizi, na weusi wake si ugonjwa. Ugonjwa ni ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa kuwa hapo maji yamekutana na mafuta. Ile ilikuwa angavu kama asali. "Imebadilishwa jana," akasema, "na wanaweza kuweka nzito zaidi ili kufunika kelele." Akawasha, akafungua kifuniko cha oili juu ya injini, akakiacha kilalie tundu. Kikarukaruka kama kifuniko cha sufuria ya makande. "Inahema," akasema. Maana yake ni kwamba mgandamizo unapenya kwenye ringi na kupumulia chini. Mwisho akasubiri ipoe, akafungua rejeta: juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta, na injini ilipowashwa tena mapovu yakapanda moja baada ya jingine.

Tuliomba turudi kesho yake saa 12 asubuhi, tukasihi lisiwashwe kabla. Tulirudi. Boneti ilikuwa ya moto tena. Tulishukuru, tukaaga.

Mtoto wa kaka alikasirika njia nzima. "Baba mdogo, gari zote za mtumba zina kasoro. Tukitafuta malaika hatutanunua." Alikuwa na haki katika nusu ya kwanza ya maneno yake. Hakuna gari kuukuu lisilo na kasoro. Lakini kuna kasoro inayojionyesha na kasoro inayofichwa, na ya pili huwa ni mbili: ile yenyewe, na mkono ulioificha.

Mtaani gari la namna ile huitwa kimeo. Neno hili lina historia ya kuvutia kwa sisi wapenzi wa lugha. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, ambacho wazee waliamini kikirefuka humletea mtoto kikohozi, naye hupelekwa kwa mkunga au mganga kikakatwe. Leo kijana akisema "ameuziwa kimeo" hamaanishi koo. Mimi huipenda sitiari hiyo kwa sababu inanikumbusha mahali pa kutazama: kimeo hukioni usoni, mpaka mtu afumbue mdomo. Neno shangingi nalo lilitoka kwa mwanamke wa mjini apendaye kujipamba na kuonekana, likahamia kwa yale magari makubwa ya waheshimiwa. Lugha ya mtaani, ambayo sisi walimu tuliifukuza darasani kwa miaka mingi, imetufanyia uhakiki ambao matangazo ya biashara yasingeufanya.

Gari la pili lilikuwa la aina ambayo Watanzania huliita mkonga: Land Cruiser ya bodi ngumu ya mfululizo wa 70, yenye bomba la kuvutia hewa lililosimama kando ya kioo cha mbele kama mkonga wa tembo. Wengine hutamka mkonge. Kwa mtu wa Same hitilafu hiyo haina ubaya, maana tumepakana na tembo wa Mkomazi upande mmoja na mashamba ya mkonge upande mwingine. Lilikuwa jeupe, lenye michubuko, namba B, viti vyake vimeshonwa mara mbili. Lilianza maisha kwenye mradi wa wafadhili, kisha likawa la mkulima mmoja wa tambarare. Ndani yake palikuwa na injini ya 1HZ, ya silinda 6 na lita 4.2, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1990. Haina tabo wala kompyuta. Pampu yake ya mafuta huendeshwa kwa meno na chemchemi, na fundi wa kijijini anaweza kuielewa kwa bisibisi na sikio. Mwenye gari alituambia tufike muda wowote. Tulifika alfajiri, injini ikiwa baridi kama jiwe la kisimani.

Alizungusha ufunguo, taa ya njano ikazimika, injini ikawaka mara moja. Moshi ulitoka mweupe kidogo, ukakatika baada ya muda mfupi. Rangi ya moshi ina sarufi yake. Mweupe wa mwanzo ni mafuta yasiyoungua kwa sababu ya baridi. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, ni nozeli mbovu au maji yanayoingia ndani. Wa buluu ni oili inayoungua. Ndipo husemwa gari "linakula oili". Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: pengine ni chujio chafu tu, pengine ni nozeli au pampu. Kisha ikaja sauti, na hapa nilijikuta katika fani yangu. Mafundi wetu husema injini "inamisi", pale silinda moja inaporuka zamu yake. Sisi washairi tunalo neno la kale kwa jambo hilo hilo. Shairi lililopungukiwa vina au mizani huitwa guni, na sikio lililozoea hulitambua kabla vidole havijahesabu. Silinda 6 zikipiga kwa zamu, kila moja kwa wakati wake, ni mshororo uliotimia. Niliisikiliza kwa dakika 10 nikiwa nimefumba macho. Haikuwa na guni.

Kasoro zilikuwapo, na mwenyewe alizitaja kabla hatujauliza: sili inayovuja nyuma, jani moja la springi lililovunjika, bushi zilizolegea, na mkanda wa taimingi ambao hakukumbuka mara ya mwisho kuubadilisha. Huo wa mwisho si jambo dogo. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi, na ukikatika njiani valvu hugongana na pistoni. Fundi aliandika kila kitu kwenye karatasi pamoja na bei ya vipuri, tukaijumlisha, tukaipunguza katika bei ya gari. Hayo ndiyo maelewano yenye mashina.

Lakini hatukulipa siku ile. Gari la mlimani hupimwa mlimani. Tulikubaliana na mwenyewe, tukalipandisha likiwa na watu 6 na magunia ya mchanga. Wakati wa kupanda jicho langu lilikuwa kwenye mshale wa joto: ukipanda nusu na kutulia, rejeta na pampu ya maji ni nzima, ukiendelea kupanda pamoja na mlima, gari "litachemsha", na huko juu hakuna pa kuliegesha. Tulijaribu fowili kwenye tope halisi, siyo kwenye sakafu ya yadi. Wakati wa kushuka fundi aliweka gia ya pili, akaiachia injini ilizuie gari, akagusa breki kwa vipindi. Wanunuzi wengi huuliza gari linapandaje. Kwetu sisi swali la uhai ni linashukaje. Injini ikishindwa kupanda utalala njiani. Breki zikishindwa kushuka, wengine watakulaza. Tulipofika chini fundi alishuka akanusa kila gurudumu, akagusa ringi za magurudumu kwa mgongo wa kiganja. Moja lilikuwa la moto kuliko mengine. Likaongezwa kwenye karatasi.

Tulilinunua. Mtoto wa kaka alisema watu watatucheka, na kweli walicheka. Masika 4 zimepita. Limebadilishiwa mkanda, springi, klachi moja na plagi za kupashia; limekwama mara mbili kwenye tope na likatoka. Limeshusha wagonjwa ambao sikuwahesabu na wajawazito 11 niliowahesabu, mmoja wao mke wa huyo huyo mtoto wa kaka, saa 8 usiku, mvua ikinyesha. Siku hizi yeye ndiye dereva mkuu. Hataki mtu mwingine aliwashe asubuhi. Anasema anataka kulisikia mwenyewe.

Vijana wa ukoo waliponiomba niwaandikie mwongozo wa kununua gari, niliona orodha ndefu itapotea, nikawapa beti 3 wazikariri:

Ukishafunga safari, ya kwenda kulitazama,
Ufike alfajiri, bado halijanguruma,
Lisikize kwa uzuri, mapigo yakituama,
Dalali hupamba gari, injini husema kweli.

Kisha tazama na moshi, rangi gani unatoka,
Maneno ya ushawishi, yasikutie wahaka,
Breki zisizo utashi, korongoni hukuweka,
Dalali hupamba gari, injini husema kweli.

Fedha hiyo ya wazazi, na jasho la wetu wana,
Isigeuke machozi, kwa usiku na mchana,
Bora kongwe lenye kazi, kuliko jipya la jina,
Dalali hupamba gari, injini husema kweli.

Siwachukii madalali, sifa ni bahari moja ya ushairi wetu, na anayesifu vizuri ana kipaji. Ninachowaomba washairi wenzangu ni kwamba tukienda kutafuta msamiati tusiishie kwenye makamusi na diwani. Twende na gereji, tukae juu ya tairi, tusikilize jinsi watu wasio na muda wa kupamba wanavyolipa kila jambo jina lake: linamisi, linahema, linachemsha, linakula oili. Hivyo ni vitenzi vya watu wanaojua kwamba neno likikosewa, kuna mtu mteremkoni atakayelilipia.